Durban: "Hawakuona kitu" si sawa na "hakuna kitu"

Ndugu msomaji, wengi wenu mmezoea kusoma kutoka kwangu habari za uchaguzi, za waasi na za mikutano ya amani isiyokwisha. Leo naomba tuyaweke hayo kando. Nataka kuandika habari ya karatasi moja ya hospitali, ambayo niliisoma vibaya hapa katikati ya jiji la Durban, na yaliyofuata baada ya kosa hilo.

Mwenye karatasi alikuwa mlinzi wa magari. Wanaolijua jiji hili wanazijua fulana za rangi ya kung'aa wanazovaa walinzi hao, wengi wao Wakongomani na Warundi. Husimama juani tangu asubuhi wakiwaelekeza madereva mahali pa kuegesha, wakitegemea sarafu atakazotoa mwenye gari akiondoka. Yeye alitoka Uvira, ng'ambo ya ziwa na Bujumbura nilikotoka mimi mwaka 2015, baada ya redio zetu kuvamiwa na kuchomwa moto mwezi Mei. Kwao alikuwa fundi seremala. Hapa tulikuwa majirani wa ghorofa moja ya zamani karibu na bustani ya Albert Park.

Mwaka 2022 alianza kuona damu chooni. "Ni bawasiri tu," alituambia, nasi tulikubali, maana mtu anayesimama kutwa nzima kupata bawasiri si jambo la ajabu. Alinunua dawa ya kupaka. Damu ikaendelea, mwili ukapungua, na kupanda ngazi za ghorofa yetu kukawa kazi. Baada ya miezi mitano mkewe alimlazimisha kwenda zahanati. Zahanati ikampa barua ya hospitali moja ya umma, ambayo sitaitaja jina, na huko akapangiwa kipimo cha kamera ya utumbo mpana, yaani kolonoskopi.

Jioni ya siku ya kipimo aligonga mlango wangu akiwa na karatasi mkononi. "Kaka, wewe Kiingereza unakijua, nisomee." Niliisoma. Iliandikwa kwamba utumbo haukuwa safi, kwamba kamera imesimama kwenye kona ya kushoto karibu na wengu, kwamba katika sehemu iliyoonekana hakuna dalili mbaya, na kwamba kipimo kirudiwe. Mimi nilishika mstari mmoja tu. Nikamwambia: "Hawakuona kitu. Mshukuru Mungu." Alishuka ngazi kwenda kumpa mkewe habari njema. Ule mstari wa kurudia nilidhani ni desturi ya hospitali, kama vile wanavyoandika kila mara "rudi ukiona tatizo".

Baada ya miezi minane alipelekwa hospitali usiku, tumbo limejaa na choo kimeziba. Walimpasua usiku huohuo. Uvimbe ulikuwa mbele kidogo ya pale kamera iliposimama, na ulikuwa umeshafika kwenye ini. Alifariki mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 51.

Siandiki haya ili kumlaumu daktari. Daktari aliandika ukweli. Aliyetafsiri "sikuona" kuwa "hakuna" ni mimi. Tangu hapo nimejifunza kwamba kolonoskopi si kipimo kimoja. Kuna kolonoskopi nzuri na kuna kolonoskopi mbaya, ubora wake unapimika kwa namba, na mgonjwa ana haki ya kuziuliza namba hizo.

Kamera inatafuta nini?

Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya njia ya chakula. Unaanzia upande wa kulia chini ya tumbo, karibu na kidole tumbo, unapanda hadi chini ya ini, unakatiza kwenda kushoto, kisha unashuka hadi kwenye njia ya haja kubwa. Daktari huingiza mrija mwembamba unaopinda, wenye taa na kamera kwenye ncha, kuanzia chini hadi kule unakoanzia utumbo huo. Baada ya kufika huko huuvuta polepole akikagua kila mkunjo. Ukaguzi wenyewe hasa hufanyika wakati wa kutoka, si wakati wa kuingia.

Kinachotafutwa si saratani peke yake. Saratani nyingi za utumbo mpana huanza kama kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa utumbo. Vinyama vya aina hiyo vinavyoweza kugeuka kuwa saratani madaktari huviita adenoma, na kwa kawaida hugeuka taratibu, kwa miaka mingi. Daktari akikiona kinyama hukikata hapohapo kwa waya unaopita ndani ya mrija. Hapa ndipo kolonoskopi inapotofautiana na vipimo vingi vya saratani: inaweza kuuzuia ugonjwa kabla haujazaliwa.

Kwa mujibu wa takwimu za kimataifa za mwaka 2022, saratani ya utumbo mpana na ya njia ya haja kubwa ni ya tatu kwa wingi duniani. Mwaka huo iligunduliwa kwa watu wapatao milioni 1.9 na kuua takriban watu 900,000.

Ugonjwa wa wazungu?

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba maradhi haya si ya Waafrika. Imani hiyo ina historia, na sehemu ya historia hiyo inapita Kampala. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ireland ya Kaskazini, alifanya kazi Uganda tangu miaka ya 1940 hadi miaka ya 1960, na jina lake limebaki kwenye saratani ya watoto aliyoieleza mwaka 1958 akiwa Mulago. Aliona kwamba saratani ya utumbo ilikuwa nadra sana miongoni mwa Waafrika wa vijijini, na mwaka 1971 aliandika kwamba huenda sababu ni chakula chenye makapi mengi. Alichokiona wakati ule kilikuwa kweli. Lakini watu walihama mashamba wakaja mijini, chakula kikabadilika, maisha yakawa marefu, na kauli ya miaka ya 1970 ikabaki vichwani mwetu kama kinga.

Kinga hiyo haipo. Wakenya wanamkumbuka Ken Okoth, mbunge wa Kibra, ambaye mapema mwaka 2019 alitangaza hadharani kwamba ana saratani ya utumbo mpana iliyofika hatua ya nne. Alifariki Julai mwaka huohuo akiwa na miaka 41. Mwaka uliofuata dunia ilishtuka kusikia kwamba mwigizaji Chadwick Boseman wa Marekani amefariki kwa ugonjwa huohuo akiwa na miaka 43. Hapa Durban, tafiti za madaktari wa upasuaji wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal zimeonyesha kwamba wagonjwa weusi wa saratani hii hufika hospitali wakiwa na umri mdogo kuliko wagonjwa wazungu. Ndiyo kusema, "mimi bado kijana" si jibu.

Namba nne za kuuliza

Je, ubora wa kolonoskopi hupimwaje? Wataalamu wana vigezo vingi, lakini vinne ndivyo vinavyobeba mzigo mkubwa.

Cha kwanza ni kufika mwisho. Kamera isipofika mwanzo wa utumbo mpana, sehemu iliyobaki haijapimwa. Uingereza ilijifunza hili kwa aibu. Mwaka 1999 zilikaguliwa kolonoskopi 9,223 katika vituo 68. Madaktari walisema wamefika mwisho kwa asilimia 76.9 ya wagonjwa. Wakaguzi walipodai ushahidi wa kuaminika kwamba kweli wamefika, asilimia ikashuka hadi 56.9. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya wagonjwa waliondoka na nusu ya jibu, na wengine wakidhani wamepata jibu kamili. Leo viwango vya kimataifa vinataka daktari afike mwisho kwa angalau wagonjwa 90 kati ya 100, na kwa watu wazima wa afya wanaokuja kuchunguzwa tu, 95. Daktari makini hupiga picha ya mahali pale na kuiweka kwenye ripoti.

Cha pili ni usafi wa utumbo. Hata daktari hodari hawezi kuona kinyama kilichofunikwa na kinyesi. Kuna kipimo kinachoitwa Boston, kilichoanza kutumika mwaka 2009, ambacho hugawa utumbo mpana sehemu tatu na kuipa kila sehemu alama kuanzia 0 hadi 3. Jumla ya juu kabisa ni 9. Kila sehemu inatakiwa kupata angalau 2. Pungufu ya hapo, kipimo hurudiwa mapema.

Cha tatu ni dakika. Mwaka 2006 madaktari 12 wa mji wa Rockford, jimbo la Illinois, walichapisha matokeo ya kupima muda wanaotumia kuitoa kamera. Wale waliotumia wastani wa dakika 6 au zaidi walikuta vinyama kwa asilimia 28.3 ya watu. Wale waliokuwa na haraka walikuta kwa asilimia 11.8 tu. Jengo lilikuwa moja, mashine zilezile, wagonjwa wa mji uleule. Mwaka 2024 vyama vya wataalamu vya Marekani vilipandisha kiwango hicho kuwa wastani wa dakika 8.

Cha nne, na hiki ndicho kikubwa, ni kiwango cha ugunduzi: kati ya watu 100 ambao daktari huyu amewachunguza, ni wangapi amewakuta na adenoma angalau moja? Kwa kuwa vinyama hivi ni vya kawaida kwa watu wenye umri mkubwa, daktari anayechunguza mamia ya watu na kuwakuta wachache mno hana bahati ya wagonjwa wazima. Anavipita bila kuviona. Mwaka 2010 utafiti wa Poland, uliofuatilia zaidi ya watu 45,000 waliochunguzwa na madaktari 186, ulionyesha kwamba watu waliopimwa na madaktari wenye kiwango cha chini ya asilimia 20 walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata saratani katika miaka iliyofuata, ingawa waliambiwa wako salama. Mwaka 2014 utafiti wa California, wenye kolonoskopi 314,872, ulikuta tofauti ya kutisha kati ya madaktari: aliye chini kabisa aligundua kwa asilimia 7.4, aliye juu kabisa asilimia 52.5. Kila asilimia moja iliyoongezeka kwenye kiwango cha daktari iliendana na kupungua kwa hatari ya saratani kwa asilimia 3. Viwango vya Marekani vya mwaka 2024 vinataka angalau asilimia 35 kwa watu wa miaka 45 na kuendelea.

Kuna pia kigezo cha usalama. Utumbo unaweza kutoboka au kutoa damu, hasa kinyama kinapokatwa. Ni nadra, lakini kituo kizuri huandika kila tukio la namna hiyo na kulijadili, badala ya kulificha.

Anayepimwa hubadilika

Habari njema ni kwamba namba hizi hupanda zikifuatiliwa. Uingereza haikuishia kwenye aibu ya 1999. Iliweka mafunzo mapya, ikaanzisha ukaguzi wa vituo, na mpango wa taifa wa kuchunguza saratani ya utumbo ulipoanza mwaka 2006, madaktari wa England waliotaka kuufanyia kazi walilazimika kufanya mtihani kwanza. Mwaka 2011 nchi ilikaguliwa tena kwa wiki mbili, kolonoskopi zaidi ya 20,000 katika vituo 302. Safari hii walifika mwisho kwa asilimia 92.3. Mashine ziliboreka, ni kweli, lakini kilichobadilika hasa ni kwamba kila daktari alijua namba yake inaandikwa na kusomwa na wenzake.

Poland nako, madaktari waliopewa taarifa ya kiwango chao mwaka hadi mwaka na wakakipandisha, wagonjwa wao walipungukiwa na hatari ya saratani. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2017.

Sasa imekuja akili bandia, programu inayotazama picha za kamera pamoja na daktari na kuweka alama pale inapohisi kuna kinyama. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba inasaidia kugundua zaidi. Lakini mwaka 2025 vituo vinne vya Poland vilitoa tahadhari. Baada ya madaktari kuizoea programu hiyo, kiwango chao walipofanya kazi bila programu kilishuka kutoka asilimia 28.4 hadi 22.4. Mwenye kutembelea fimbo kila siku, siku akiikosa huyumba. Mashine haiondoi haja ya kumpima mtu anayeishika.

Choo kimoja, watu kumi na wanne

Tukirejea Durban, nilipoanza kujifunza haya nilijiuliza kwa nini utumbo wa jirani yangu haukuwa safi. Alikuwa amepewa dawa ya kusafisha tumbo na karatasi ya maelekezo. Mkewe alinieleza baadaye, kwa sauti ya chini, kama anayetoa siri.

Katika fleti yao waliishi watu kumi na wanne, familia nne zilizotenganishwa kwa mapazia na mbao, na choo kilikuwa kimoja. Dawa ile humpeleka mtu chooni mara kumi na zaidi. Alikunywa nusu, akaona foleni mlangoni, akaona haya, akaacha. Tena siku ile hakuacha kazi hadi jioni, kwa kuwa siku moja bila kazi ni siku moja bila kodi ya nyumba. Nusu ya pili aliimwaga.

Vitabu vya wataalamu vinasema dawa hiyo igawanywe mara mbili: nusu jioni, nusu alfajiri saa nne hadi sita kabla ya kipimo, kwa sababu hivyo utumbo husafika vizuri zaidi. Ni ushauri sahihi kabisa. Ila unamdhania mgonjwa kuwa na choo chake, maji yasiyokatika, na lugha ya karatasi. Muuguzi aliyemwelekeza alizungumza Kiingereza na Kizulu. Yeye alizungumza Kiswahili, Kifuliiru na Kifaransa kidogo. Aliitikia "yes" kwa kila kitu, kama tunavyoitikia wote tuliofika hapa bila lugha. Ubora wa kolonoskopi, basi, huanza kabla ya kamera kuwashwa, kwenye fleti za Albert Park na za Point.

Mlangoni mwa hospitali

Ama kuhusu Afrika Kusini kwa jumla, saratani hii ni miongoni mwa zinazowapata zaidi watu wake, wanaume kwa wanawake, lakini hakuna mpango wa taifa wa kuwaita watu wazima wasio na dalili waje kuchunguzwa. Mwenye bima hupimwa hospitali binafsi. Asiye na bima hupimwa akishaumwa, naye husubiri foleni.

Hata hivyo, si sahihi kusema kwamba nchi hii haijui kufanya. Kaskazini Magharibi mwa nchi, katika jimbo la Northern Cape, zipo familia zilizorithi kasoro ya kinasaba inayoleta saratani ya utumbo mapema. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 madaktari na wauguzi wa Chuo Kikuu cha Cape Town na hospitali ya Groote Schuur wamekuwa wakisafiri na kamera zao kuzifuata familia hizo mamia ya kilomita. Mwaka 2009 walichapisha matokeo. Kati ya watu 129 wenye kasoro hiyo waliokubali kuchunguzwa, asilimia 11 walipata saratani. Kati ya 49 waliokataa, ni asilimia 27. Kwa hiyo hata pale penye barabara za vumbi na hospitali ndogo, kamera ikishikwa na mtu anayefuatilia kazi yake, watu huishi.

Durban yenyewe ina kidonda chake. Juni 2017 Tume ya Haki za Binadamu ya Afrika Kusini ilitoa ripoti iliyosema kwamba idara ya afya ya KwaZulu-Natal ilikiuka haki za wagonjwa wa saratani katika hospitali za Addington na Inkosi Albert Luthuli. Mashine za mionzi zilikuwa zimeharibika, madaktari bingwa wameondoka, na wagonjwa walisubiri kwa miezi. Wakati ule aliyekuwa akisubiri hakuulizwa ametoka wapi. Mzulu, Mhindi na Mkongomani walikaa benchi moja.

Kwa sisi wageni limeongezeka jingine. Katikati ya mwaka 2025 makundi ya waandamanaji yalisimama kwenye malango ya zahanati na hospitali, Addington ikiwemo, yakidai vitambulisho na kuwarudisha wasio raia. Kifungu cha 27 cha Katiba ya nchi hii kinasema kila mtu ana haki ya kufikia huduma za afya, na sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 inampa mkimbizi haki ya huduma za msingi za afya kama mwenyeji. Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Johannesburg ililikataza kundi la Operation Dudula kudai vitambulisho vya watu na kuwazuia kuingia zahanati. Hukumu ni jambo jema. Lakini mtu mwenye damu chooni, ambaye tangu mwanzo alikuwa akitafuta sababu ya kutokwenda, akiona fujo langoni anapata sababu. Waswahili walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Siku hizi wapo wanaoyaficha kwa haya, na wapo wanaofichishwa kwa vitisho.

Ufanye nini wewe msomaji?

Nimewauliza madaktari, nimesoma, na haya ndiyo ninayoweza kukupa, uwe Durban, Dar es Salaam, Goma, Minneapolis au Muscat.

Damu kwenye choo, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa bila sababu, kupungua mwili, au kuishiwa damu bila kujua inakokwenda: usijitibu kwa kudhani ni bawasiri. Nenda ukaangaliwe. Bawasiri na saratani zinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja.

Kama huna dalili na umefika miaka 45 hadi 50, uliza habari za uchunguzi. Mahali ambapo kolonoskopi ni ghali au ni adimu, kipo kipimo rahisi cha kutafuta damu isiyoonekana kwa macho kwenye choo. Majibu yakionyesha damu, ndipo kamera inalazimika. Mwongozo wa taifa wa Kenya wa mwaka 2018 unaitaja saratani hii kati ya zile za kuchunguzwa, na kamera zipo katika hospitali kubwa za rufaa kama Kenyatta, Muhimbili na Mulago.

Kama mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto wako amepata saratani hii, usingoje miaka 45. Kanuni inayotumika sana ni kuanza ukiwa na miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri ambao ndugu yako aligunduliwa nao, lolote litakalotangulia.

Ukipangiwa kolonoskopi, omba maelekezo ya dawa kwa lugha unayoielewa, au nenda na mtu. Kama nyumbani choo ni cha kugombania, mwambie muuguzi bila haya, na tafuta kwa ndugu au rafiki mahali pa kulala usiku huo.

Ukimaliza, uliza: Mmefika mwisho? Utumbo ulikuwa safi kiasi gani? Kamera ilitolewa kwa dakika ngapi? Nirudi lini? Na kama una ujasiri, muulize daktari kiwango chake cha ugunduzi. Daktari mzuri hakasiriki. Anayekijua atakutajia.

Usiku mmoja nyumbani kwangu

Marehemu aliacha mdogo wake hapa Durban, anayeuza simu na chaja karibu na soko la Warwick. Baada ya mazishi nilimwambia kanuni ile ya umri. Kaka yake aligunduliwa akiwa na miaka 50, yeye alikuwa tayari amepita 40. Alicheka kwa uchungu: "Kaka, unataka nami nikalale pale?" Alichukua zaidi ya mwaka kukubali. Shemeji yake, mjane, ndiye aliyemshinda maneno.

Mwaka jana, usiku wa kabla ya kipimo, alilala kwangu. Siku hizi ninakaa fleti ndogo, lakini choo ni changu peke yangu. Nilimpimia dawa kwenye jagi, nusu ya kwanza jioni. Saa tisa za usiku nilimwamsha kwa nusu ya pili. Alilalamika kwamba ina ladha ya maji ya bahari yaliyotiwa sukari. Hatukulala. Alinisimulia jinsi kaka yake alivyomfundisha kuogelea ziwani Uvira kwa kumsukuma kutoka kwenye mtumbwi. Alfajiri tulipanda teksi pamoja, na nilikaa kwenye benchi hadi alipotoka, bado ana usingizi wa sindano.

Karatasi nilisoma mara tatu kabla ya kufungua mdomo. Kamera ilifika mwisho, picha ipo. Usafi alama 8 kati ya 9. Dakika 11 za kutoka. Vinyama viwili, vyote vimekatwa na kupelekwa maabara. Wiki mbili baadaye majibu yalikuja: adenoma zote mbili, hakuna saratani. Arudi baada ya miaka mitano.

Nilimtafsiria kila mstari, hata ule wa mwisho. Hasa ule wa mwisho. Akaitoa simu yake, akaandika tarehe, kisha akanipa niiandike na mimi kwenye yangu.